Betri Mpya Mlimani, Risasi ya Zamani Wapi?

 Leo tuzungumze habari za betri. Nitaanza na betri za kile kigari kidogo cha umeme kinachowabeba wachezaji wa gofu, kisha tutafika nyumbani kwa mkulima mwenye sola ya taa tatu na redio, kwa kuwa swali linalowakabili wote wawili ni moja: je, wakati umefika wa kuachana na betri ya asidi na kununua ya lithiamu? Jibu langu ni ndiyo, kwa walio wengi. Lakini ndiyo hiyo ina sharti lake, na sharti hilo sitalificha.

Gofu si mchezo mgeni huku kwetu Kericho. Kampuni za Brooke Bond na James Finlay zilianza kupanda chai kwa wingi Kericho katika miaka ya 1920, na walowezi waliokuja nazo wakaleta michezo yao. Mpaka leo Kericho ina uwanja wa gofu wa mashimo 9 katika nchi hii ya chai. Wachezaji wetu wengi hutembea kwa miguu, na mifuko yao hubebwa na vijana wa vitongoji vya karibu. Ningependa desturi hiyo iendelee, maana siku moja ya kubeba mfuko ni unga na karo kwa familia fulani. Hata hivyo kigari kina kazi yake. Mzee ambaye magoti yamemchoka atakihitaji, na hoteli hukitumia kuwafikisha wageni na mizigo vyumbani. Popote palipo na mwendo mfupi, wa polepole na usiotakiwa kuwa na moshi, kigari hiki kinafaa.

Inua kiti cha kigari cha kawaida cha volti 48 na mara nyingi utakuta betri 6, kila moja ya volti 8, zimeungwa kwa mfululizo. Betri moja ina uzito wa karibu kilo 29. Zote pamoja zinapita kilo 170, na hapo hakuna mtu aliyekaa bado. Ndani mna sahani za risasi zilizozama katika asidi ya salfuriki iliyochanganywa na maji. Ni uvumbuzi wa Mfaransa Gaston Planté, wa mwaka 1859, na haukudumu hivi kwa bahati. Bei yake ni nafuu, na kila fundi kuanzia Londiani hadi Mulot anaifahamu. Betri hii imetutendea wema mkubwa. Kabla nguzo za umeme hazijafika vijijini, ndiyo iliyowasha redio na televisheni ya kwanza katika nyumba nyingi za wakulima wa chai, na watu waliibeba hadi sokoni ikachajiwe, wakairudisha jioni wapate kusikiliza habari.

Shida yake kubwa kwetu ni milima. Betri ya asidi haipendi kukamuliwa kwa haraka. Ukiitoa umeme pole pole kwa saa 20, itakupa kiasi kile kilichoandikwa ubavuni mwake. Ukiikamua kwa nguvu, jinsi kigari kinavyofanya kikipanda mlima na watu wawili na mifuko yao, itakupa pungufu, volti zitashuka, na mota italegea pale pale unapoihitaji zaidi. Kumbuka pia kwamba uwezo huo hupimwa katika joto la nyuzi 25 hivi. Kericho iko kama mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na asubuhi zetu mara nyingi ni za nyuzi 11 au 12. Betri ya asidi ikipigwa na baridi hupungukiwa. Halafu haifai kuimaliza: ukivuka nusu ya chaji kila siku unaifupishia maisha, kwa hiyo betri iliyoandikwa ampea-saa 100, wewe uihesabu kuwa 50. Ukiiacha wiki kadhaa bila chaji, sahani zake huota ukoko mgumu wa salfeti ambao chaja ya kawaida haiwezi kuuondoa.

Kuna pia kazi ya kuitunza, ambayo watu huikubali siku ya kununua na kuisahau mwezi wa tatu. Lazima maji ya betri yaongezwe, na yawe yale yaliyosafishwa yanayouzwa kwenye chupa. Maji ya mvua yaliyopitia bati hayafai, wala ya kisima, kwa sababu madini yaliyomo huharibu sahani. Vichwa vya betri huota unga wa kijani na mweupe. Betri ikichajiwa hutoa hewa ya haidrojeni, na hewa hiyo ikifika asilimia 4 tu katika chumba kilichofungwa, cheche moja inatosha kuilipua. Nawaambia wanaochajia betri chumba cha kulala, madirisha yakiwa yamefungwa kwa ajili ya baridi ya Julai: tafadhali acheni leo.

Sasa lithiamu. Kuna lithiamu za aina nyingi, na hapa ndipo wauzaji wanapotuchanganya. Ile iliyoanza kuuzwa na Sony mwaka 1991, na ambayo ndugu zake wamo katika simu zetu, mara nyingi hutumia kobalti, madini ambayo sehemu kubwa duniani hutoka Kongo, upande wa Kolwezi. Inayofaa kigari na sola ni nyingine, lithiamu ya chuma na fosfeti. Njia yake ilifunguliwa na kikundi cha John Goodenough katika Chuo Kikuu cha Texas katika miaka ya 1990. Mzee huyo alishiriki Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 2019 na kufariki mwaka 2023 akiwa na umri wa miaka 100. Haina kobalti. Haishiki moto kwa urahisi kama zile nyingine, na huvumilia kuchajiwa na kutumiwa mara 2,000 au 3,000, wakati betri ya asidi iliyotunzwa vizuri hufika mara 500 mpaka 1,000. Ukienda dukani, uliza kwa jina: ni ya chuma na fosfeti? Muuzaji asiyejua jibu, muage uende kwingine.

Pakiti moja ya volti 48 yenye ampea-saa 105 ina uzito wa kati ya kilo 40 na 50. Tofauti na betri za asidi inapita kilo 120, yaani umeshusha kigarini gunia la mahindi la kilo 90 na debe moja na nusu juu yake. Kila mpando unaliona jambo hilo, na nyasi pia zinaliona. Kericho mvua hunyesha karibu mwaka mzima, ardhi hulainika, na magurudumu ya chombo kizito huchimba mitaro ambayo wakata nyasi hushinda wiki nzima wakiifukia. Volti za lithiamu nazo hazishuki sana mpaka karibu na mwisho, kwa hiyo kigari hupanda shimo la mwisho kwa nguvu ile ile ya shimo la kwanza. Baridi yetu haiidhuru. Kitu kimoja tu: lithiamu hii haichajiwi ikiwa chini ya nyuzi sifuri. Kericho haifiki huko isipokuwa mabondeni, usiku ule wa Januari na Februari ambapo jalidi huchoma majani chai. Kama banda lako liko bondeni, subiri jua litoke ndipo uchomeke chaja.

Wapo watakaokwambia kwamba utaokoa pesa nyingi za umeme. Hebu tupige hesabu. Kigari kinachotumia yuniti 5 kwa siku, kikiwa na betri za asidi, kitavuta yuniti 6 na kitu kutoka ukutani, kwani asidi hupoteza karibu asilimia 20 njiani. Kikiwa na lithiamu kitavuta 5 na robo hivi. Umeokoa yuniti moja. Hata ukiihesabu kwa shilingi 30, hiyo ni bei ya kikombe cha chai hotelini, tena hoteli ya kawaida. Kwa pesa hiyo hurudishi gharama ya pakiti mpya, ambayo huweza kuwa mara mbili au zaidi ya bei ya betri za asidi. Faida yenyewe imo katika miaka: seti moja ya lithiamu itakaa wakati wa seti mbili au tatu za asidi, na kati yake hutanunua maji ya betri, hutamlipa mtu wa kupangusa vichwa, na kigari hakitalala banda siku ya mashindano. Anayenunua kwa kuangalia bei ya siku ile peke yake ataona lithiamu ni ghali. Anayefungua daftari la miaka minane ataona kinyume.

Nakuja kwa jambo ambalo mafundi wetu wanapaswa kulisikiliza kwa makini. Kubadilisha betri hizi hakuishi kwa kutoa sita na kuweka moja. Chaja ya asidi lazima iondoke pamoja na betri zake. Chaja hiyo mara kwa mara hupandisha volti kupita 60 ili kusawazisha betri zake, wakati pakiti ya lithiamu ya seli 16 mwisho wake ni volti 58.4. Ndani ya pakiti kuna bodi ya ulinzi itakayokata umeme, ni kweli, lakini bodi hiyo imewekwa kwa ajili ya ajali. Haikuwekwa ifanye kazi ya kila usiku. Baadhi ya magari ya Club Car ya volti 48 yaliyoundwa zamani yana kompyuta ndogo inayohesabu umeme unaoingia na kutoka na kuiamrisha chaja. Ukiweka lithiamu bila kuikwepa kompyuta hiyo, chaja inaweza kukataa kabisa kuwaka. Halafu ile saa ya kuonyesha chaji itakudanganya, kwa sababu inasoma volti, na volti za lithiamu hukaa mahali pamoja mpaka mwisho kabisa. Weka kipimo kinachohesabu ampea zinazopita, kikupe asilimia.

Bodi ya ulinzi ina kikomo cha ampea, na kwenye nchi ya vilima kikomo hicho ndicho cha kuulizia kwanza. Kigari kikianza kupanda kinaweza kuvuta ampea 200 na zaidi kwa sekunde kadhaa. Betri ya bei poa yenye bodi ya ampea 100 itafanya kazi vizuri kwenye uwanja tambarare wa duka, kisha ikifika mlimani itazima ghafla, watu wakiwa wamekaa. Uliza: inatoa ampea ngapi mfululizo, na ngapi kwa sekunde 10? Majibu yawe yameandikwa.

Kuteremka nako kuna hatari yake, na hili silisikii likisemwa mara nyingi. Katika vigari vingi vya kisasa mota hugeuka jenereta wakati wa kuteremka, ikarudisha umeme betrini, na kwa kufanya hivyo ikakizuia kigari kisikimbie. Ndiyo breki ambayo dereva huizoea bila kujua ipo. Sasa chukua banda lililo juu ya kilima, betri ya lithiamu iliyojazwa usiku kucha hadi mwisho, na safari ya kwanza ya asubuhi ikiwa ni kuteremka. Umeme unaorudi hauna pa kuingia. Bodi inaweza kukata, na ikikata, breki ile ya mota inaondoka nayo. Kwa hiyo kwenye vilima vyetu breki za miguu zikaguliwe na kukazwa kabla ya lithiamu kufungwa, na chaja iwekwe iishie asilimia 90 hivi kama banda liko juu. Fundi asiyekujulisha jambo hili hajawahi kuifunga lithiamu penye mlima.

Taa na honi za kigari hutumia volti 12. Wengi huchukua umeme wake kutoka betri chache kati ya zile sita, na hiyo ndiyo sababu betri hizo hufa mapema kuliko nyingine. Kwenye lithiamu hakuna pa kuchukulia nusu nusu. Utahitaji kifaa cha kushusha volti 48 kuwa 12. Ni cha bei ndogo. Na kwa kuwa sisi tunaishi katika nchi ya radi na mvua ya mawe, weka kinga ya umeme kwenye soketi ya chaja, au uchomoe chaja wingu likijikusanya. Bodi za lithiamu zina vipande vyembamba vya elektroniki ambavyo radi huviua mara moja, na betri nzima ikaonekana imekufa.

Wenye sola nyumbani, haya yanawahusu neno kwa neno. Vifaa vya sola vya kulipia kidogo kidogo kwa simu, ambavyo M-KOPA ilianza kuviuza mwaka 2012, vilituzoesha betri ndogo zilizofungiwa ndani ya kisanduku. Siku hizi nyingi za aina hiyo ni za lithiamu. Lakini yule mwenye mfumo wake mwenyewe, paneli mbili na betri ya asidi ya ampea-saa 100, ambaye bonasi ya chai ya Oktoba ikiingia anataka kubadilisha, lazima aitazame kontrola yake. Kama haina mpangilio wa lithiamu, ibadilishwe pia. Na kamwe usiunganishe betri mpya ya lithiamu sambamba na ile kuukuu ya asidi ukidhani zitasaidiana. Moja itakuwa inaichaji nyingine usiku kucha, na zote mbili zitaumia.

Jihadharini pia na bandia. Kuna pakiti zinazoundwa kwa seli zilizotolewa katika kompyuta za zamani, zikavalishwa plastiki mpya na kibandiko kizuri. Mizani ni shahidi mzuri, nasi watu wa chai tumezoea mizani. Betri ya lithiamu ya chuma na fosfeti ya volti 12 na ampea-saa 100 huwa na uzito wa kilo 10 mpaka 13. Ukiambiwa ni ya 100 na ina kilo 5, weka chini uondoke.

Nani asibadilishe sasa? Mwenye kigari kinachotoka mara mbili kwa mwezi, na betri zake za asidi zina mwaka mmoja. Huyo azitunze, azijaze maji, azichaji, azitumie mpaka zimalizike. Kutupa kitu kizima kwa sababu kipya kimekuja ni hasara kwake na kwa nchi. Lakini kigari kinachopanda vilima kila siku, hoteli yenye vigari vitatu au vinne, kituo cha afya kinachotegemea sola usiku: hao wabadilishe. Mabasi ya umeme ya BasiGo yaliyoanza kubeba abiria Nairobi mwaka 2022 yanatumia lithiamu ya aina hii hii, na basi linafanya kazi ngumu kuliko kigari chochote cha gofu.

Nilisema kuna sharti. Zile betri sita zilizotolewa, zaidi ya kilo 170, sehemu kubwa yake ikiwa ni risasi, zinakwenda wapi?

Tunajua zilikokwenda wakati mmoja. Katika mtaa wa Owino Uhuru, Mombasa, palikuwa na kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilichofungwa mwaka 2014. Wakazi kama 3,000 waliishi kando yake. Moshi wa risasi uliingia nyumbani mwao na maji ya asidi yakapita mitaroni watoto walimocheza. Phyllis Omido, aliyekuwa mfanyakazi wa kiwanda hicho, aligundua kwamba mtoto wake mchanga ana risasi katika damu. Akaacha kazi akaanza kupigania wenzake, na mwaka 2015 akapewa Tuzo ya Goldman ya mazingira. Julai 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Mombasa iliamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3. Mahakama ya Rufaa ikautengua uamuzi huo mwaka 2023, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikaurejesha. Kule Senegal, katika kitongoji cha Thiaroye-sur-Mer karibu na Dakar, watoto 18 walikufa kati ya mwisho wa 2007 na mwanzo wa 2008 mahali ambapo watu walikuwa wakivunja betri na kuuza risasi. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi katika damu ya mtoto kinachojulikana kuwa salama. Risasi huidhuru akili ya mtoto, na madhara yake hayarudishwi nyuma kwa dawa.

Betri zilizoishia katika viwanda kama kile zilitoka kwenye magari na nyumba za watu kama mimi na wewe, watu waliozibadilisha na kupokea shilingi chache kwa mnunuzi wa vyuma chakavu bila kuuliza zinapelekwa wapi. Kinachoniuma zaidi ni cha karibu. Nenda nyuma ya gereji nyingi katika miji yetu utaona udongo mweusi usioota hata nyasi, pale asidi inapomwagwa kabla betri haijauzwa, kwa sababu mnunuzi hataki kulipia maji. Asidi hiyo hubeba risasi. Mvua yetu haikawii kuishusha mtoni. Mito ya Itare na Kipsonoi inapita katikati ya mashamba yetu, maji yake yanaishia katika mto Sondu, na Sondu unaingia ziwani Nyanza. Njiani ng'ombe wanakunywa, na akina mama wanachota.

Kuna jambo hapa linalopaswa kufikiriwa vizuri. Betri ya asidi hukusanywa kwa sababu risasi yake ina bei. Hakuna anayeitupa shimoni; kila mtu anaitaka, na hatari yake imo katika jinsi inavyovunjwa na kuyeyushwa. Lithiamu ya chuma na fosfeti ni kinyume. Haina kobalti wala nikeli, kwa hiyo mnunuzi wa chakavu haitamani, na ikichoka huenda ikatupwa jalalani na kusahaulika. Tunahama kutoka kwenye sumu yenye soko kwenda kwenye taka isiyo na soko. Hilo halinifanyi nibadilishe ushauri wangu, kwani sumu ya risasi ni mbaya zaidi. Lakini linatutaka tujipange mapema, kabla pakiti hizi hazijaanza kuzeeka. Pakiti iliyopungua hadi asilimia 70 haifai tena kupanda mlima, lakini inaweza kuwasha taa za duka au darasa kwa miaka mingine mingi. Ikifika mwisho kabisa, iko WEEE Centre ya Nairobi inayopokea taka za vifaa vya umeme.

Sheria ipo. Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka 2022 inamtaka anayeingiza au kutengeneza bidhaa awajibike pia inapochakaa. Anayekusanya na kusafirisha betri kuukuu lazima awe na leseni ya NEMA, mamlaka ya mazingira ya taifa. Maduka makubwa ya betri hupunguza bei ya mpya ukirudisha kuukuu, na hiyo ndiyo njia bora tuliyo nayo kwa sasa. Tatizo ni umbali: mtu wa Mogogosiek au Chepseon hawezi kufunga safari kwa betri moja, na mnunuzi wa mkokoteni yuko mlangoni.

Kwa hiyo naziomba serikali za kaunti za Kericho na Bomet zitenge mahali pa kukusanyia betri, hata kama ni chumba kimoja chenye sakafu ya zege na paa, Kapsoit, Litein, Sotik na Bomet mjini, na kumwita mkusanyaji mwenye leseni kila baada ya miezi mitatu. Viwanda vya chai vina magari yanayopita kila kituo cha kununulia majani. Vizungumze na kaunti. Hoteli, klabu au shamba linaloagiza lithiamu liandike kwenye mkataba kwamba muuzaji atachukua betri za zamani na kuleta karatasi inayoonyesha zilikofikishwa, na asilipwe fungu la mwisho mpaka karatasi hiyo ionekane.

Nawe msikilizaji uliye na betri kuukuu nyuma ya nyumba: leo kabla giza halijaingia, iinue kutoka ardhini, iweke wima juu ya mbao au ndani ya beseni la plastiki, chini ya paa, mbali na watoto na kuku. Usiimwage asidi yake. Usiivunje wala kuyeyusha risasi yake kwenye sufuria. Ukishika vichwa vyake nawa mikono kwa sabuni kabla ya kula. Na atakayekuja kuinunua, mwombe akuonyeshe leseni yake ya NEMA. Kama hana, usimuuzie.